Kila kitabu cha nyota kina kwao

Kitabu changu cha kwanza cha nyota nilikinunua Mtaa wa Samora, kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga mali yao chini kwenye turubai. Muuzaji alianzia 20,000, tukakubaliana 12,000. Kilikuwa kikubwa, chenye jalada gumu na picha za sayari zenye rangi, na katikati kilikuwa na ramani za anga za miezi yote 12. Ilikuwa Septemba 2016, siku chache baada ya jua kupatwa tarehe 1. Watu wa Rujewa, Mbeya, waliliona jua likibaki pete. Sisi wa Dar tulipata nusu ya shani hiyo: liliumwa sehemu kubwa, mwanga ukapoa mchana kweupe. Mbele ya duka langu Tandika pana mwembe, na siku ile kila tundu la mwanga lililopita kwenye majani yake lilianguka chini likiwa na umbo la mwezi mchanga. Wateja waliacha kopi zao wakatoka kuangalia ardhi. Mimi nilirudi ndani nikiwa nimeshaamua kwamba nitajifunza mambo ya anga, na kwa kuwa kazi yangu ni karatasi, niliona njia ya kujifunza ni kitabu.

Nina steshenari: kutoa kopi, kuprinti, laminesheni, kufunga spairo. Kazi hii imenisaidia sana baadaye, nitaeleza. Lakini miezi mitatu ya kwanza haikunisaidia chochote.

Sura ya kwanza ya kile kitabu ilianza hivi: toka nje usiku, tazama kaskazini, itafute Nyota ya Kaskazini, kisha kutoka hapo utaijua mbingu yote. Nikapanda juu ya zege la nyumba tunayopanga, nikaweka dira ya simu, nikatazama kaskazini. Hakuna kitu. Nikasema ni taa za mjini. Wiki iliyofuata umeme ulikatika mtaa mzima, nikakimbilia juu na kitabu mkononi nikidhani sasa nitaiona. Nyota zilikuwa nyingi kuliko nilizowahi kuziona Tandika, ila upande wa kaskazini, pale kitabu kiliposema pana nyota ile na kundi la nyota saba lenye umbo la kata ya kuchotea maji, palikuwa na giza na minazi. Niliendelea hivyo mpaka Desemba. Nilianza kuamini kwamba macho yangu yana kasoro. Nilikwenda kupimwa macho kabisa, nikalipa, nikaambiwa ni mazima.

Jibu lilikuwa kwenye utangulizi, ukurasa ambao sikuusoma kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwenye ramani. Kwa herufi ndogo paliandikwa kwamba ramani zote zimechorwa kwa msomaji aliye kati ya nyuzi 40 na 50 kaskazini mwa ikweta. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini. Nyota ya Kaskazini imekaa karibu kabisa juu ya ncha ya kaskazini ya dunia, kwa hiyo kimo chake angani ni sawa na latitudo ya mahali ulipo, yaani nyuzi zake kutoka ikweta: aliyeko London anaiona kwenye nyuzi kama 51, aliyeko ikweta anaiona, kama anaiona, imelala kwenye mstari wa upeo, pale anga linapokutana na ardhi, na sisi wa Dar iko chini ya ardhi kwa nyuzi 7, usiku wote, mwaka mzima. Hata umeme ungekatika nchi nzima nisingeiona.

Jina la kile kitabu sitalitaja. Kosa halikuwa lake, kilisema wazi kiliandikiwa nani. Ila kama unakwenda kununua kitabu cha nyota leo, iwe Samora au kwa kuagiza, usitazame picha. Fungua utangulizi kwanza, tafuta neno latitudo na namba iliyo mbele yake. Kama haimo, tazama ramani ya Januari: kama Nyota ya Kaskazini imechorwa juu sana, basi hicho ni kitabu cha watu wa kaskazini.

Kosa la pili lilikuwa ghali zaidi, na ndilo linaloniuma hadi leo. Mwaka 2017 zamu yangu ya mchezo ilipofika nilipata hela, na nilikuwa nimesema sehemu yake ni ya ada ya mdogo wangu. Nikapita kwenye duka moja la vifaa vya watoto na vya elektroniki, nikaona darubini kwenye boksi limeandikwa "mara 525". Nikatoa 180,000. Usiku ule nilielekeza mwezini, nikaona ukungu mweupe unaotetemeka. Kila nilipogusa miguu ya ile darubini, mwezi ulikimbia. Nililia. Mume wangu hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Katika kitabu kilekile cha 12,000, sura ya tano ambayo sikuwa nimeifikia, ilieleza kwamba darubini haipimwi kwa "mara ngapi". Inapimwa kwa upana wa lenzi ya mbele, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kukusanya mwanga. Kanuni inayotumika ni kama mara 2 kwa kila milimita moja ya upana. Yangu ilikuwa na milimita 60, kwa hiyo hata siku ambayo hewa imetulia kabisa isingeweza kukuza kwa maana zaidi ya mara 120. Hizo 525 zilikuwa maandishi ya boksi tu. Kitabu kilishauri mwanzoni usinunue darubini kabisa, nunua ya macho mawili, ya 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Baadaye niliipata 10x50 iliyotumika, Kariakoo, kwa 60,000. Ninayo hadi leo, na vitu vingi nitakavyovitaja hapa nimeviona kwa hiyo hiyo. Ada tuliilipa kwa kuchelewa muhula mmoja.

Ndiyo maana nawaambia watu: kitabu kisome chote kabla hujatoa hela ya chombo. Kitabu kizuri cha nyota, zaidi ya nusu yake ni ushauri wa kukuzuia usinunue.

Mwaka 2018 nikaamua kununua vitabu vyenye sifa. Kuna vitabu vichache ambavyo wapenda nyota duniani kote huvitaja, na nimekuja kuviona kwa macho yangu, vingine vyangu, vingine vya kuazima kwa mteja wangu mmoja anayefundisha fizikia. NightWatch cha Terence Dickinson wa Kanada kilitoka kwanza mwaka 1983, na kimefungwa kwa spairo ili kilale wazi mezani gizani. Mimi nafunga spairo kila siku, lakini kabla ya hapo sikuwahi kufikiri kwamba namna ya kufunga kitabu inaweza kuwa sehemu ya mafundisho yake. Unapokuwa nje usiku, mkono mmoja una tochi na mwingine una darubini, kitabu kinachojifunga chenyewe ni adui. Toleo lake la nne, la 2006, liliongeza ramani za anga la kusini, kwa hiyo ukikikuta kwenye mitumba, tazama ni toleo la ngapi. Kuna The Stars cha H. A. Rey, cha mwaka 1952, ambaye ndiye aliyeandika hadithi za watoto za nyani mdadisi aitwaye Curious George. Yeye alichora upya mistari inayounganisha nyota ili Dubu afanane na dubu na Simba afanane na simba. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukishika.

Na kuna Turn Left at Orion (yaani "Pinda Kushoto Ukifika Orion") cha Guy Consolmagno na Dan Davis, kilichotoka mwaka 1989. Hiki nakipenda kwa sababu moja kubwa: hakikudanganyi. Vitabu vingine vinakuonyesha picha zilizopigwa na mitambo mikubwa, wekundu na buluu, halafu wewe ukitazama unaona kidoa cha kijivu, unakata tamaa. Hiki kimechora kwa mkono kile ambacho darubini ndogo inaonyesha kweli, kidoa cha kijivu kikiwa kidoa cha kijivu. Kabla ya kukiandika, Consolmagno alijitolea kufundisha nchini Kenya kati ya 1983 na 1985. Nilipolijua hilo nilifurahi, kana kwamba nimegundua kwamba mgeni anayesifiwa mjini aliwahi kulala kwa jirani yetu.

Lakini nilikosea tena. Nikajiambia, tatizo langu ni la kusini, basi ninunue vitabu vya kusini tu. Nikaagiza kupitia ndugu aliyekuwa akirudi likizo mwongozo wa watu wa Australia. Kitabu, mzigo na zawadi ya aliyenibebea vilifika kama 140,000. Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba, ulikuwamo, Nge alikuwamo akiwa juu kama tunavyomwona sisi. Ila kitabu hicho kimeandikwa kwa watu wa nyuzi 35 kusini. Kinasema Msalaba hauzami kamwe. Hapa Dar unazama, na kuna miezi jioni huuoni kabisa. Kinaiacha nusu ya vitu vya kaskazini kwa sababu kwao vimefichwa na ardhi, na kwetu vinaonekana.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hili halikuwa balaa. Mfaransa Charles Messier, karne ya 18, aliorodhesha vitu vya ukungu alivyoviona kutoka Paris, na orodha yake, ambayo leo ina vitu 110, ndiyo uti wa mgongo wa vitabu vingi vya wanaoanza. Vyote 110 vinapanda juu ya upeo wa Dar, ingawa vichache vya kaskazini kabisa havipandi sana. Na vile ambavyo Messier hakuviona kwa sababu Paris haviibuki, navyo tunavyo. Omega Centauri, kwa mfano, shada la nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10, lililo mbali nasi kama miaka 17,000 ya nuru, linaonekana hapa kwa macho matupu kama nyota iliyofifia yenye manyoya. Hakuna kitabu cha London kilichoniambia hivyo, wala cha Sydney. Nililazimika kuvilaza vyote viwili mezani na kuviunganisha.

Kabla sijafika huko, neno moja juu ya ramani kubwa. Mwalimu wa fizikia aliniazima Pocket Sky Atlas, iliyotoka mwaka 2006: ramani 80, nyota 30,796, hadi daraja la mwangaza la 7.6. Kadiri namba ya daraja inavyokuwa kubwa ndivyo nyota inavyofifia, na macho matupu penye giza kamili huishia kwenye 6 hivi. Juu ya zege la Tandika mimi naishia 3, usiku mzuri sana 4. Nilipoifungua ile atlasi, kila nyota moja niliyoiona angani ilikuwa na mamia karatasini. Ni kazi nzuri mno, ila mtu anayeanza akipewa hiyo ni kama mgeni wa Kariakoo aliyepewa orodha ya vyumba vyote vya kupanga badala ya kuonyeshwa kituo cha daladala. Usianze nayo. Anza na ramani yenye nyota chache kubwa.

Sasa namna ya kukigeuza kitabu. Hili hakuna aliyenifundisha, nililipata kwa kutoa kopi za ramani na kuzikata kwa mkasi dukani usiku.

Kitabu cha kaskazini kina ramani za kutazama kusini na za kutazama kaskazini. Chukua kwanza za kusini. Nyota zilizo kusini ya utosi wetu (pale juu kabisa ya kichwa), kama za Nge, kaa nazo kama zilivyochorwa, zipandishe tu juu. Wao wanaziona zikiburuza tumbo kwenye upeo, sisi Antares, ule moyo mwekundu wa Nge, tunauona kwenye nyuzi 70. Lakini nyota ambazo kwao ziko kusini na kwetu ziko kaskazini ya utosi, Simba, Mapacha, Kilimia (kile kishada kidogo cha nyota) na jirani zake, hizo kitabu ukigeuze juu chini. Utamwona Simba amelala chali na utashangaa ni vile vile. Zile ramani za kutazama kaskazini usizigeuze. Chukua penseli, chora mstari mpya wa upeo juu zaidi, juu ya Nyota ya Kaskazini, kisha ufiche kwa karatasi kila kilicho chini yake. Kilichobaki ndicho chetu. Jabari, ambaye wao humwita Orion, ndiye anayesumbua kwa sababu anapita karibu na utosi: anapochomoza amelala ubavu, kichwa kushoto na miguu kulia, anapozama amegeukia upande mwingine, na katikati inategemea wewe umeelekea wapi. Hata "kushoto" iliyo kwenye jina la kile kitabu nikipendacho ni kushoto kwa mtu aliyesimama kwao.

Kutokana na hilo nilijiwekea kanuni: maelekezo ya nyota kwa nyota yanasafiri, maelekezo ya juu, chini, kushoto na kulia hayasafiri. Kitabu kikisema "fuata mstari wa nyota tatu za mkanda wa Jabari, upande mmoja utafika kwenye Sirius, nyota yenye mng'aro kuliko zote za usiku, upande wa pili utafika Aldebaran, kisha Kilimia", hiyo ni kweli Oslo na ni kweli Mbagala. Kikisema "juu ya mkanda", simama ujiulize.

Na majira vilevile. "Anga la baridi" la vitabu ni Desemba hadi Februari, na kwetu huo ni wakati wa kaskazi, jasho linatiririka. "Anga la kiangazi" lao ni kipupwe chetu. Nilifuta majina yao yote kwa penseli nikaandika kaskazi, masika, kipupwe, vuli. Pia saa: 21:00 ya kitabu ni saa tatu usiku, na wanaposema ongeza saa moja kwa ajili ya majira yao ya joto, usiongeze, sisi hatubadilishi saa.

Machi 2018 nilitangaza kwa mdogo wangu na majirani wawili kwamba nimeuona Msalaba wa Kusini. Ulikuwa msalaba mwingine, wa uongo, mkubwa zaidi na uliofifia, ambao watu wengi huukosea. Tofauti yake ni walinzi: Msalaba wa kweli una nyota mbili kali, Alfa na Beta za Centauri, zinazounyooshea kidole. Usipowaona walinzi, subiri usiku uendelee. Niliwarudia majirani nikawaeleza, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameshamfundisha mwanawe.

Usiku ninaoukumbuka kuliko wote ni Jumamosi ya tarehe 1 Juni 2019, Kimbiji, kwa mjomba wangu. Tulivuka na pantoni mchana, mimi na mdogo wangu wa kiume. Kwa mwanamke kutoka peke yake usiku na vyombo si salama, na wenyeji wasipojua unachofanya ufukweni gizani wanapata wasiwasi, kwa hiyo mjomba alimwarifu mjumbe. Mvua za masika zilikuwa zimepungua na mwezi ulikuwa wa mwisho, hauchomozi mpaka karibu na alfajiri. Ilikuwa Ramadhani. Baada ya futari mjomba alikwenda tarawehe, sisi tukatandika mkeka mchangani, nikaizungushia tochi nailoni nyekundu ile ya kufunikia majalada, safu tatu. Mwanga mweupe ukiuona mara moja, macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza tena, mwekundu hauyasumbui sana. Simu tulizizima.

Saa mbili usiku nilitazama kusini. Msalaba ulikuwa umesimama wima kabisa, walinzi wake kushoto. Nikapima kama vitabu vinavyosema, urefu wa Msalaba mara nne na nusu kwenda chini, nikafika kwenye ncha ya kusini ya anga, chini ya ngumi moja kutoka kwenye upeo. Ngumi ukinyoosha mkono ni kama nyuzi 10. Basi ile ndiyo latitudo ya Dar, nilikuwa naipima kwa mkono wangu. Halafu nikageuka nyuma, kuelekea mwanga wa jiji, na juu yake kidogo palikuwa na nyota saba. Kata. Imefunikwa, mdomo chini, mpini kulia. Ile niliyoitafuta miezi mitatu juu ya zege mwaka 2016, nikaenda kupimwa macho kwa ajili yake, ilikuwa imesimama saa ileile na Msalaba, mmoja mbele na mwingine nyuma. Septemba hadi Desemba huwa haionekani jioni. Msimu wake wa jioni ni masika, na masika Dar ni mawingu, ndiyo maana watu wengi wa hapa hawajawahi kuitambua.

Nilikaa mchangani. Mdogo wangu aliuliza, "Dada, vipi?" Nikashindwa kumjibu kwa muda.

Mjomba alirudi baada ya saa tatu. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba, njoo uone." Akaitikia, akakaa, nikampa darubini, nikamwelekezea Mshtarii, yaani sayari ya Jupiter, aliyekuwa amepanda mashariki karibu na Nge. Aliishika kimya muda mrefu. "Ana watoto pembeni," akasema. Ni miezi yake mikubwa, ile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Kisha akaanza kunifundisha yeye. Alisema zile tatu zilizopangana, nilizoziita mkanda wa Jabari, baharini wazee waliziamini kwa sababu zinatoka mashariki kamili na kuzama magharibi kamili. Vitabu vyangu vinakubaliana naye, ziko karibu mno na mstari wa ikweta wa anga. Nikamuuliza Kilimia kiko wapi. Akasema hakipo, kimezama na mvua, na akanitajia methali ambayo nilikuwa naijua tangu utoto bila kujua inasema nini: "Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua."

Nilifungua kitabu kwa tochi nyekundu. Mwezi Mei jua linapita karibu na Kilimia, kwa hiyo jioni za mwisho wa Aprili kinamezwa na machweo, masika yakiwa yamekolea, na katikati ya Juni kinaonekana tena alfajiri, mvua zimekwisha. Kitabu cha Kanada na methali ya mjomba vilikuwa vinasema kitu kimoja, tofauti ni kwamba methali ilikuwa imechorwa kwa latitudo yetu. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Sasa mpwa wangu, mbona hukuja kuniuliza mapema?" Sikuwa na jibu, na ninalikiri hapa: nilitumia zaidi ya laki tatu kabla ya kumuuliza mzee aliyelala chini ya nyota hizo miaka hamsini.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Hewa ya bahari inaua lenzi. Weka darubini kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Umande wa pwani unagandisha kurasa za karatasi ya kung'aa, kwa hiyo usibebe kitabu kizima. Toa kopi ya kurasa tatu nne za usiku huo kwa matumizi yako, zipige laminesheni isiyo na mng'aro, tochi isirudishe mwanga machoni. Majedwali ya sayari huchakaa. La kitabu changu cha Samora liliishia 1999, na kama ningelitegemea nisingejua kwamba tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali (Saturn) vingekaribiana hadi nyuzi 0.1. Siku ile wingu lilifunguka magharibi kama robo saa tu, tukaviona vimekaa kama jicho moja. Ramani za nyota zenyewe hazichakai, za mwaka 1980 zinafaa leo. Kwa sayari tumia Stellarium, programu ya bure ya kompyuta: ipe Dar es Salaam, ipe tarehe, printi. Nilisita kuitaja mwanzoni kwa sababu watu wakiipata huacha vitabu, na programu inakuonyesha kila kitu bila kukuambia uanze na kipi.

Ukiwa na hela ya kitabu kimoja tu, nunua kile cha Consolmagno na Davis, toleo jipya zaidi unaloweza kulipata, kwa sababu matoleo ya baadaye yana sehemu ya anga la kusini, halafu uwe na penseli.

Kile kitabu cha Samora bado ninacho. Nilikikata uti wa mgongo, nikakifunga upya kwa spairo, na kila ramani sasa ina mstari wangu wa upeo wa Dar na majina mawili mawili: Orion na Jabari, Jupiter na Mshtarii, Pleiades na Kilimia. Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu. Anataka ule ukurasa wa Msalaba na ule wa Kilimia, vikubwa, vipigwe laminesheni pande zote mbili, vitobolewe tundu juu kwa ajili ya kamba, maana mjukuu wake ameanza kutoka naye na ngalawa. Ameniambia majina ya Kizungu niyaache, ila niyaandike kwa herufi ndogo.